Mnoa Visu wa Saa Mbili Usiku

Kama uliwahi kulia mbele ya televisheni katika nchi hii miaka ya themanini na tisini, basi huenda aliyekuliza ni mimi. Hunijui, wala usijisumbue. Jina langu, Evelio Tinajero, lilikuwa linapita mwishoni kabisa mwa tamthilia, herufi ndogo kama mayai ya chawa, wakati wewe umeshainuka kwenda kuosha vyombo. Nimetunga muziki wa tamthilia thelathini na moja. Mjakazi aliyegundua kwamba bosi wake ni baba yake: muziki wangu. Kipofu aliyeona tena siku ya harusi: wangu. Pacha mwema, pacha mwovu, na yule wa tatu waliyemleta watazamaji walipoanza kupungua: wote watatu wangu.

Kazi yenyewe naieleza upesi. Jumatatu unaletewa kanda ya video, Alhamisi wanataka muziki. Unaitazama kanda mara ishirini, saa ya kuhesabia sekunde mkononi, penseli sikioni, na mkeo anakuuliza kama utakula leo au kesho. Muziki wa mapenzi na muziki wa machozi mtu yeyote aliyesoma anaweza kuutunga. Fundi anapimwa kwa kile sisi tunachokiita kofi. Mlango unafunguka, mama mkwe amesimama pale, na muziki unapiga mara moja tu, pwaa! Kofi likiwa zuri, mtazamaji anaruka kitini kabla hajajua kimemrusha nini. Mimi nilikuwa bingwa wa makofi, na hapo sijidai. Lakini kuna kofi moja nililompiga baba yangu mzazi, na ndilo ninalotaka kulisimulia, maana limenikaa kooni miaka mingi.

Baba, Don Crispín, alikuwa mnoa visu mtaani Portales. Alikuwa na baiskeli, akifika kona anaisimamisha kwenye stendi, anapanda na kukanyaga pedali, na badala ya kwenda popote linazunguka jiwe la kunolea. Mnoa visu habishi hodi. Anapuliza filimbi, ile ya vijibomba vilivyopangwa kutoka kirefu hadi kifupi, anaipitisha mdomoni kwenda juu na kurudi chini, firulirulii, na wanawake wanatoka na visu na mikasi. Jiji zima wanapuliza hivyohivyo. Ila baba aliongeza mkia wake. Akishamaliza kushuka, alinyamaza kidogo, halafu akapandisha noti tatu fupi: ti-ri-ti. Mkia huo haukuwa wa wateja. Ulikuwa wa mama yangu, Doña Chole. Akiusikia, hata mitaa mitatu mbali, aliweka tortilla, zile chapati za mahindi, kwenye kikaango, na baba akiingia mlangoni anazikuta zinafuka. Sikuwahi kuwasikia wakiambiana maneno ya mapenzi hata siku moja. Waliambiana hivyo tu, adhuhuri, kila siku ya Mungu.

Mama alifariki mwaka 1988. Baba akaendelea kupuliza mkia. Siku moja nikamwuliza, "Baba, sasa huo unampulizia nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Yuleyule," akasema.

Na mimi piano niliipata wapi, mtoto wa mnoa visu? Mtaani kwetu alikuwepo fundi cherehani, Bibi Hortensia, ambaye ujanani alipiga kinanda kanisani. Kwa miaka sita baba alimnolea mikasi bila kuchukua kitu, naye akanifundisha. Miaka sita! Mikasi ya yule mama ilikuwa inakata kitambaa kwa kuangaliwa tu. Nayasema haya ili ujue nilikuwa najua nilikotoka. Sina kisingizio cha ujinga.

Haya. Mwaka 1993 mtayarishaji mmoja, Don Leopoldo Urrutia, akaniita kwenye tamthilia iitwayo *Damu ya Azalia*. Ilikuwa ya saa mbili usiku, saa ambayo nchi nzima iko mezani. Ndani yake kulikuwa na muuaji ambaye uso wake usingeonyeshwa mpaka siku ya mwisho. Unaona glavu, unaona kisu, basi.

"Maestro," Don Leopoldo akaniambia, jivu la sigara linamdondokea shatini, "uso wake ni muziki wako. Na fidla sitaki! Kila muuaji wa nchi hii anakuja na fidla, watu wamezizoea, wanaendelea kutafuna. Mimi nataka mtu aache sahani yake akaweke komeo mlangoni."

"Utapata, Don Leopoldo."

"Nipate Alhamisi."

Jumatatu sikupata kitu. Jumanne hali kadhalika. Jumatano adhuhuri nilikuwa nimetazama ile glavu na kile kisu mpaka macho yananiwasha, na mtaa wote kimya kwa jua. Ndipo ikatoka filimbi kwa mbali. Firulirulii. Kimya. Ti-ri-ti. Nywele zikanisimama. Mimi, niliyelelewa kwa sauti ile, nikaogopa filimbi ya baba yangu! Kwa sekunde mbili tu. Lakini mtunzi akipata sekunde mbili za namna hiyo, haulizi zimetoka wapi.

Nikashuka ngazi mbio, nikampandisha juu na jasho lake. Alivua kofia, akalowanisha nywele kwenye bomba langu na kuzichana, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama maikrofoni inaweza kusikia kwamba viatu vyake vina vumbi.

"Ni ya televisheni kweli?" akasema.

"Ya saa mbili usiku, baba."

"Mungu wangu! Ileile anayoitazama Jovita wa kona?"

"Ileile."

"Na nitapigwa wapi? Sehemu gani?"

Hapo ndipo. Nikitaka kujua siku niliyoharibika, siendi mbali, naenda kwenye swali hilo. Ningeweza kumwambia, na huenda angecheka, huenda angekataa na kushuka zake. Niliogopa atakataa.

"Pale mtu anapofika," nikasema.

"Mtu gani?"

"Mwanamume mmoja tu, baba. Anafika nyumbani."

Uso wake ukachanua. "Basi lazima niweke na mkia," akasema. "Kama anafika nyumbani, mkia usikose."

"Weka, baba," nikamjibu.

Akapuliza mara nne, amefumba macho. Alipoondoka niliishusha ile sauti, nikaipunguza mwendo mpaka ikawa kama mtu anayepumua kwenye tundu la ufunguo, nikaitia mwangwi. Mwendo wa kwenda juu na kushuka ukawa ni muuaji anakuja. Mkia nikaufanya kofi. Ti-ri-ti, na kisu kinashuka.

Baba alitangaza mtaa mzima. Siku ya kwanza alialika watu kwenye kibanda cha Doña Jovita, mama muuza quesadilla, tortilla za jibini, wa kona yetu, mwenye televisheni juu ya friji. Alivaa suti yake ya harusi. Mimi nikasema nina kazi studio. Kazi gani? Nilikaa kwenye gari langu mtaa wa nyuma, taa zimezimwa, kama mwizi.

Yaliyotokea nilisimuliwa kesho yake na Doña Jovita mwenyewe. Alinikamata sokoni, kikapu mkononi, na mama huyo akianza kusema hata wauza samaki wananyamaza.

"Wewe Evelio, wewe! Njoo hapa, usijifanye unachagua nyanya! Asante ya punda ni mateke, lakini punda hata hajui anampiga nani. Wewe ulijua!"

"Doña Jovita, tafadhali, watu…"

"Watu wasikie! Baba yako amekaa kiti cha mbele. Bibi yake yule Azalia wa tamthilia yuko jikoni, anakanda unga. Filimbi ikaanza, nzito nzito, sijui umeifanya nini. Sote hatukuitambua. Yeye akaitambua. Akainua kidole hivi, 'Sikilizeni, sikilizeni, huyo ni mimi!' Kabla hajaona kitu, Evelio! Halafu ule mkia wa mama yako, ti-ri-ti, na kisu shingoni mwa bibi wa watu! Bibi kaangukia unga. Na kidole cha baba yako bado kiko juu."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambieje? Nikamwambia, Don Crispín, kula, zinapoa."

Wiki ya kwanza ilikuwa utani, na sisi watu wa Portales kwa utani hatujambo. "Don Crispín, leo zamu ya nani?" "Don Crispín, mama mkwe wangu yuko peke yake, mpitie basi!" Baba naye anacheka. Wiki ya pili watoto wakaanza kulia wakisikia filimbi. Ya tatu mama mmoja alimmwagia maji kutoka ghorofani. Baada ya mwezi, akipuliza tu anasikia makomeo yanaingia, tak, tak, tak, nyumba kwa nyumba, na hakuna kisu kinachotoka.

Wala si yeye peke yake. Jiji zima wanoa visu walikuwa wanakimbiwa, maana nani anajali mkia, filimbi ni filimbi. Wakaja kwake saba, baiskeli zao zimeegeshwa nje, wazee waliokunywa naye kahawa miaka thelathini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkubwa wao akasema. "Tulikuwa tunamtafuta aliyetuuza, kumbe tunakaa naye. Ni mwanao, siyo?"

"Filimbi ni yangu, na nimeipuliza mwenyewe," baba akajibu. "Mwanangu hana kosa. Yeye anatunga, wengine wanaamua pa kuweka."

Habari hiyo nilipewa na mmoja wa wale saba, kwa dharau, bila hata kushuka kwenye baiskeli.

Baba akaacha kupuliza. Alisukuma baiskeli akiita kwa mdomo, "Visuu! Mikasii!" kwa sauti iliyokauka, watu wakidhani ni muuza viazi. Na adhuhuri ikawa inapita Portales bila ti-ri-ti. Nilikuwa naisubiri dirishani kila siku, na kila siku nilijiambia huenda upepo umeichukua upande mwingine.

Nilikwenda kwa Don Leopoldo. Hilo nilifanya, niandikiwe. Nikamwomba tubadilishe.

"Tubadilishe nini, maestro? Una homa? Watu wanafunga milango! Nimeambiwa maduka ya vifaa yameishiwa makomeo!"

"Baba yangu ni mnoa visu, Don Leopoldo."

Akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Hongera! Basi ana mwana wa kujivunia."

Nikaomba mara moja, sikurudia. Na nikuambie kitu kibaya zaidi: ile habari ya makomeo ilinifurahisha. Nilitoka pale nimekunja uso, lakini kwenye ngazi nilikuwa nairudia moyoni: maduka yameishiwa makomeo. Kofi langu limefunga milango ya nchi nzima! Mtu anaweza kuwa na aibu na majivuno tumbo moja, na yote mawili yakashiba.

Mwisho wa mwaka nikapewa tuzo, sanamu ya shaba ya mwanamke asiye na mikono. Jukwaani nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Don Leopoldo, nikawashukuru wapiga nyuzi ambao hata hawakupiga. Nilipoulizwa wazo la filimbi lilitoka wapi, nikasema lilinijia tu. Baba alikuwa anatazama.

Kesho yake nikampelekea ile sanamu. Sijui kwa nini; nadhani nilitaka anigombeze. Aliipima mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, kama anavyopima makali.

"Nzito," akasema. Akaiweka mezani. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Mwanangu, ile siku ya kunasa sauti, ulikuwa unajua kwamba yule mtu ni muuaji?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, wa kuingia na kupiga magoti. Neno moja tu lilitakiwa.

"Hapana, baba," nikasema. "Walibadilisha baadaye."

Akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea, naapa niliyaona. "Nilijua," akasema. "Nilimwambia Jovita, mwanangu hawezi." Akanisogezea sahani. "Tortilla zipo, ila zimepoa."

Nikazila. Zilikuwa kama kadibodi, nikazila zote.

Baada ya hapo nilitunga tamthilia kumi na tano nyingine, nikajenga nyumba, nikampoteza mke, nikazeeka. Baba aliuza baiskeli na kuitundika filimbi kwenye msumari kando ya picha ya mama. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu, tulipomwekea mama maua ya manjano na mkate wake, nilikuwa nasema, leo namwambia. Nikimwangalia anavyopanga mishumaa, nasema, wiki ijayo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu sina, majuto ninayo tele. Na *Damu ya Azalia* nayo haikufa. Waliirudia mara nne, mara ya mwisho mchana, baada ya chakula.

Wakati huo baba alikuwa ameshahamia kwangu na ile picha na filimbi yake, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kuvuja. Kwanza yalitoka majina ya mitaa. Halafu kazi yake. Halafu siku moja akanyoosha kidole kwenye picha ya mama na kuuliza kwa adabu, "Huyo bibi ni wa nani?" Alikuwa anakaa mbele ya televisheni tangu asubuhi, na nilimwacha, maana alitulia. Sikujali kinachoonyeshwa. Mimi, wa watu wote, sikujali.

Mwaka jana, Aprili, adhuhuri, nilikuwa napasha tortilla na baba amekaa mezani. Nje akapita mnoa visu. Wamebaki wachache sana siku hizi. Firulirulii, akapita zake, filimbi tupu, bila mkia. Nikaona baba ameinua kichwa. Nikasema, sasa hivi, Evelio, kabla mlango haujafungwa kabisa. Nitampulizia mkia wake, atamkumbuka mama, atanikumbuka mimi, na nitamwambia.

Nikaitoa filimbi kwenye msumari, nikaifuta vumbi kwa shati. Nikapuliza kwenda juu, nikashuka, nikanyamaza kama alivyokuwa ananyamaza. Ti-ri-ti.

Baba akasimama. Mzee wa miaka themanini na tatu, ambaye kila siku namwinua kwa kumshika kwapa, akasimama mwenyewe. Akaenda mlangoni, akasukuma komeo. Akarudi upesi, akasimama mbele yangu, mgongo wake kwangu, uso wake mlangoni, ametandaza mikono yake miwili.

"Kaa nyuma yangu, mwanangu," akanong'ona. "Usitoe sauti. Ni yule wa glavu."

"Baba, ni mimi. Ni mimi niliyepuliza."

"Shii!"

Akachukua kisu cha mkate mezani. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, na kwa dakika hiyo mkono ulikuwa wake wa zamani kabisa. "Butu," akasema kwa hasira. "Nyumba nzima hii, hampiti mnoa visu?"

"Alikuwa anapita, baba."

"Akaenda wapi?"

Basi nikamwambia. Niliuambia mgongo wake, filimbi mkononi, tortilla zinaungua. Nikasema nilimharibia jina, nilichukua filimbi yake nikampa muuaji, na ule mkia wa mkewe nikaufanya kisu. Nikasema nilijua tangu siku ya kwanza. Nilimdanganya kabla, nikamdanganya na baada, naye akaniamini mara zote mbili. Nilisema nisamehe. Nilisema mara tatu au nne, sikumbuki, nilikuwa nalia kama wale wajakazi wangu wa tamthilia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, macho hayaondoki mlangoni. Kisha akarudisha mkono mmoja nyuma, akaupapasa mkono wangu, kama unavyombembeleza mtoto aliyeogopa.

"Ulikosea sana, mwanangu," akasema. "Akipita huyo mnoa visu, mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba ya mtu wa watu."

"Hapiti tena, baba."

"Atapita. Sasa nyamaza, yule asitusikie."